KAMBA WA MAPANGONI: VIPI AINA MPYA HUPEWA JINA?

Kamba tunayemjua sokoni ana macho. Lakini wako kamba waishio katika maji ya mapangoni, mahali pasipofika mwangaza. Wengi wao ni weupe na vipofu. Je, akipatikana mmoja, itajulikanaje kuwa ni aina mpya?

Weupe na upofu havitoshi. Katika giza, wanyama wa koo mbalimbali hupoteza macho na rangi, kila ukoo peke yake. Kufanana huko kunatuonyesha wanapoishi, si nasaba yao. Kwa hiyo wataalamu hufuata hatua hizi:

Kwanza, kamba huhifadhiwa katika spiriti.

Pili, hutazamwa kwa hadubini: miiba ya kichwani, vipapasio, pingili za miguu na umbo la mkia.

Tatu, hulinganishwa na aina zote za karibu zilizokwisha kuelezwa.

Nne, maelezo na michoro huchapishwa pamoja na jina la maneno mawili. Sampuli moja huwekwa makumbusho iwe shahidi wa jina hilo. Atakayetilia shaka atairudia.

Tuchukue mfano wa Typhlocaris, yaani kamba kipofu. Alama ya kundi hili ni mstari kama mshono unaopita juu ya gamba la mgongo. Wa kwanza, Typhlocaris galilea wa kando ya Ziwa Tabaria, alielezwa na Calman mwaka 1909. Mwaka 1920 akafuata wa Benghazi, Libya, na mwaka 1923 wa kusini mwa Italia.

Kisha mwaka 2006, wachimba mawe karibu na Ramla, Israel, walifungua pango lililokuwa limeziba. Humo wakapatikana kamba wa kundi hilohilo, katika maji ambamo chakula hutokana na bakteria, si mimea ya juani. Baada ya kulinganishwa, mwaka 2008 aliitwa Typhlocaris ayyaloni. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa yeye na yule wa Tabaria ni ndugu wa karibu kuliko yule wa Italia.

Faida ya jina ni nini? Kamba huyu hajulikani popote ila katika pango lile moja. Maji yake yakikauka au yakichafuliwa, aina nzima itatoweka. Na kiumbe kisicho na jina kwa kawaida hakiandikwi katika orodha ya wanaolindwa. Hupotea bila mtu kujua. Basi mwanafunzi, tazama kwa makini, linganisha, ndipo utaje jina.