Shanta Mgongoni na Ndugu wa Ng'ambo

Katika nchi ya New Zealand iko desturi moja ambayo yafaa wasomaji wetu waijue, maana yatuhusu nasi kuliko tunavyodhani. Kijana akiisha maliza masomo, au akiisha fanya kazi mwaka mmoja au miwili na kuweka akiba, hutia nguo chache katika shanta, akalichukua mgongoni na kwenda ng'ambo. Haendi kwa siku chache. Huenda kwa miezi mingi, pengine kwa miaka. Wenyewe huiita safari hiyo kwa herufi mbili tu, O.E., maana yake ni maarifa ya ng'ambo. Katika miaka ya 1950 na 1960 vijana hao walisafiri kwa meli majuma matano au sita, wakipita mfereji wa Suez au wa Panama, hata wakafika Uingereza. Siku hizi huenda kwa ndege, na safari ni ya siku moja na zaidi kidogo.

Mtu aweza kuuliza: Mbona wengi huelekea Uingereza, nchi iliyo mbali nao kuliko karibu nchi zote? Jibu ni kwamba huko wana ndugu. Tutazame mji wa Dunedin, kusini mwa New Zealand. Mwaka 1848 merikebu mbili, John Wickliffe na Philip Laing, zilileta watu wa kanisa la Free Church la Uskoti waje wafanye makao huko. Jina la mji walilitwaa katika lugha ya Kigaeli ya Uskoti, nalo ni jina la Edinburgh. Mto wao mdogo wakauita Water of Leith, kama ule wa Edinburgh, na njia zao kuu wakaziita Princes Street na George Street, kama zile walizoziacha. Basi kijana wa Dunedin akifika Edinburgh huona majina ya kwao yameandikwa katika mji ambao hajapata kuuona.

Hata sheria ya Uingereza hukumbuka udugu huo. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola ambaye babu yake au bibi yake alizaliwa Uingereza aweza kuomba ruhusa ya kukaa huko miaka 5 na kufanya kazi. Na vijana wa New Zealand wasio na babu wala bibi wa namna hiyo, wenye umri wa miaka 18 hadi 35, wana njia yao nyingine ya kuomba kukaa hata miaka 3. Walakini sheria humfikisha kijana nchini tu. Kuingia nyumbani kama ndugu ni jambo jingine.

Tufikiri mfano. Kijana mmoja ametembea Ulaya miezi minne. Fedha zimepungua, viatu vimejaa matope, nguo zote ni chafu. Akumbuka kwamba dada ya babu yake yuko Edinburgh. Naye, kwa desturi yetu sisi, ni bibi yake hasa. Ampigia simu akiwa stesheni, kusema, "Nafika leo." Mama yule mzee ahangaika, atandika kitanda, apika, tena atoa kabatini sanduku la picha za jamaa alilolitunza miaka mingi. Kijana afika, aomba mashine ya kufulia, ala, alala hata adhuhuri, kisha aenda zake kutazama ngome ya mji. Siku ya tatu ashika njia. Sanduku limebaki mezani, halikufunguliwa.

Kijana huyo hakutukana mtu, wala hakuiba kitu. Lakini alichopata ni kitanda tu, na kitanda angaliweza kukipata kwingine kwa fedha kidogo. Maana nyumba za kulala wasafiri vijana zimeenea nchi nyingi. Aliyezianzisha ni mwalimu wa shule, Richard Schirrmann wa Ujerumani. Mwaka 1909 alikuwa safarini kwa miguu pamoja na wanafunzi wake, wakashikwa na mvua ya radi, wakalala katika nyumba ya shule. Usiku ule akawaza: Mbona shule zilizo tupu wakati wa likizo zisiwapokee vijana wanaotembea? Baadaye nyumba ya namna hiyo ya kudumu ikafunguliwa katika ngome ya zamani ya Altena. Basi asiye na haja ila kitanda, na aende huko, asimsumbue mzee.

Liko jambo ambalo nyumba za wasafiri hazina, wala ofisi za serikali hazina. Huko Uskoti kila uzazi, ndoa na kifo hupaswa kuandikwa tangu mwaka 1855, na mtu aweza kwenda Edinburgh akatafuta majina ya wazee wake. Atapata jina, na siku, na kazi ya baba. Lakini daftari halisemi kwa nini ndugu huyu alipanda merikebu na yule akabaki. Wala nani aliwatunza wazazi katika uzee wao. Wala barua zilikoma kwa ugomvi gani. Mambo hayo yamo katika kichwa cha bibi yule mwenye sanduku, na picha zisizoandikwa jina yeye peke yake azijua. Siku atakapofariki, picha zile zitakuwa nyuso za wageni. Kijana aweza kurudi kuitazama ngome baada ya miaka ishirini, ataikuta. Bibi hatamkuta.

Kwa hiyo kijana aendaye kwa ndugu ayashike haya. Kwanza, apeleke habari mapema, aseme siku ya kufika na siku ya kuondoka, maana katika nchi hizo mgeni wa ghafula ni mzigo. Pili, achukue zawadi ndogo ya kwao, hata kopo la asali au picha za jamaa waliobaki nyumbani. Shanta la kilo 10 halikosi nafasi ya kitu hicho. Tatu, ajifunze desturi za nyumba. Huko Uskoti akialikwa "chai" jioni, huenda ni chakula kamili, basi asile kwanza dukani. Maji ya moto na joto la nyumba hulipiwa, tena kwa fedha nyingi wakati wa baridi, basi asivitumie ovyo. Nne, afanye kazi. Wazee wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mgeni mwema halingoji jembe, aosha vyombo, amchukulia mzee mizigo ya sokoni. Tano, aketi, aulize, asikilize, na majina ayaandike kitabuni.

Wenyeji nao wana wajibu wao. Wasimchoshe msafiri kwa karamu na matembezi kila siku; mara nyingi haja yake ni usingizi na uji wa moto. Kama nafasi hakuna, waseme kweli kwa upole, kuliko kumkaribisha kwa mdomo na kununa moyoni.

Sisi je? Jamaa nyingi za Unguja zina ndugu Muscat. Na wako wengi wa bara wenye mjomba Uingereza au shangazi Marekani. Watoto wetu huenda huko kwa masomo na kwa kazi, wapita karibu na mlango wa ndugu, wala hawabishi hodi. Kisha husikia habari zao siku ya msiba tu. Ndio udugu wa nazi, hukutania chunguni.

Basi wazazi, kabla mtoto hajafunga shanta lake, mwandikieni majina ya ndugu waliko huko, na jinsi kila mmoja anavyomhusu. Na walimu wawape wanafunzi kazi hii: kila mmoja amwulize mzee wake majina ya ndugu walio mbali, ayaandike, ayalete darasani. Asiyejua jina la ndugu yake hawezi kubisha hodi kwake.