Unafunga machela kwenye gari? Iache ilegee!

Hebu fikiria. Ni likizo ya Juni, na klabu yenu ya mali hai imefika Ololosokwan, kule juu kwenye tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, jirani na mpaka wa Kenya na lango la Klein's la kuingilia Serengeti. Mmeshakula ugali na maharage. Saa nane mchana hema linachemka kama tanuri. Rafiki yako anachomoa machela kwenye begi lake. Si ile machela ya hospitali ya kubebea mgonjwa, bali ile ya kitambaa inayoning'inizwa pande mbili, ukajilaza ndani kama mtoto kwenye mbeleko. Tatizo ni moja tu: mti wa maana uliopo karibu ni mgunga mmoja. Basi macho yote yanageukia Land Rover.

Je, inafaa? Inafaa, tena sana. Unaweza kufunga upande mmoja kwenye gari na mwingine kwenye mti. Mkiwa na magari mawili, yaegesheni sambamba mfunge katikati. Hata gari moja refu linatosha, ukifunga mwanzo na mwisho wa keria, machela ikakaa ubavuni. Lakini watu huumia kwa jambo hili dogo, na wengi huumia kwa sababu ambayo umeshafundishwa darasani.

Wengi wetu tunaivuta machela mpaka inyooke kama kamba ya kuanikia nguo. Tunaona ndiyo imara. Ni kinyume kabisa! Chukua daftari la fizikia. Tuseme una kilo 60, yaani uzito wa kama nyutoni 600. Kamba zikishuka kwa nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, kila upande unavutwa kwa nyutoni 600. Ukikaza zikabaki nyuzi 10, kila upande unavutwa kwa nyutoni 1,700 hivi. Kwa nyuzi 5 inafika karibu 3,400, utadhani mmelala watu karibu sita! Wewe hujanenepa hata gramu moja, ila keria inalia, fundo linateleza, kamba inakatika. Na ukianguka chali juu ya mawe, kichwa na uti wa mgongo ndivyo vinavyolipa.

Kupima nyuzi 30 hakuhitaji kifaa. Ukiwa umelala, mwenzako aangalie kamba: kwa kila meta moja kutoka kwenye fundo kuelekea kwako, iwe imeshuka kama sentimeta 58. Ikikaa kama tabasamu, ni poa. Halafu, ukiwa ndani, chini ya mgongo wako pasizidi kimo cha kiti. Mambo ya kuning'inia juu ili upigwe picha, achana nayo.

Fungia wapi sasa? Kwenye nguzo nene za keria zilizokazwa kwa bolti, baada ya kuomba ruhusa ya dereva na kuzitikisa kwa nguvu. Chuma cha kuvutia gari ni imara kuliko vyote, lakini kiko chini mno, utafagia vumbi kwa mgongo. Vioo vya pembeni na vitasa usiviguse. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga kwenye mlango wa pikapu, mtu akaja kuchukua soda zake, akaufungua. Niliijua ardhi vizuri siku hiyo. Tumia mkanda mpana au kamba nzima, siyo katani iliyooza wala mipira ya tyubu. Pale kamba inapogusa ukingo wa chuma, weka kipande cha gunia ili isikatwe.

Na gari lenyewe? Mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kusukuma Land Rover iliyo huru kwenye tambarare, sivyo? Basi na machela inaweza kulivuta. Egesheni pasipo mteremko, handibreki ivutwe, gia iingizwe, na mawe yawekwe mbele na nyuma ya matairi mawili. Injini izimwe kabisa, maana moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Ule upande wa pili nao uukague. Mwaka 2020 kule Ohio, Marekani, wasichana wawili ndugu walifariki baada ya nguzo ya matofali waliyofungia machela kuwaangukia. Kwa hiyo mti mkavu, mti ulioliwa na mchwa, nguzo ya geti, yote hayo hapana.

Tuje kwenye wadudu. Mchana, upande huu wa Serengeti una mbung'o, na baadhi yao hubeba malale. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo! Kama unanunua machela, chagua ya kaki au ya udongo. Jioni ni zamu ya mbu, na mbu hutoboa kitambaa chembamba kilichobana mgongoni. Kwa hiyo chandarua kizunguke machela yote, juu na chini. Ukipata homa baada ya safari, nenda ukapime malaria siku hiyo hiyo, na umwambie daktari ulikokuwa.

Lakini kulala humo usiku kucha? Huku, hapana. Kwanza baridi: kitambaa kinabanwa na mwili, upepo unapita chini, na blanketi la juu halisaidii kitu. Pili fisi. Fisi anaweza kumng'ata mtu aliyelala nje, mara nyingine usoni. Usiku lala ndani ya hema lililofungwa zipu, au ndani ya gari. Ikitokea mtu ameng'atwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mumkimbize akapate chanjo ya kichaa cha mbwa hata kama kidonda ni kidogo. Hospitali ya Wasso iko mbali na kambi, msisubiri kukuche.

Mahali pa kupiga kambi pia mkaulize kwanza ofisi ya kijiji. Mwaka 2022 Serikali iliweka mipaka ya Pori la Pololeti, kilometa za mraba 1,500 hivi, na jambo hilo liliwagusa sana wenyeji.

Na ufunguo wa gari? Dereva akupe wewe unayejilaza. Uweke mfukoni, tena mfuko wenye kifungo, mpaka utakapoteremka na kufungua kamba zote mbili.