Pafu Linapovuja

Zama za korona wote tulijua msemo "amewekewa mashine". Mei 2020 Zambia ikafunga mpaka wa Nakonde, na Tunduma ikaonja jinsi ugonjwa wa mapafu unavyoweza kusimamisha malori. Ila wachache tuliuliza: ndani ya pafu kunatokea nini?

Pafu lina mamilioni ya vifuko vya hewa vilivyozungukwa na mishipa midogo ya damu. Ukuta kati yao ni mwembamba kuliko karatasi, na ndipo oksijeni inapopita. Katika hali ambayo madaktari huiita ARDS, ukuta huo unavuja. Chanzo si lazima kianzie kifuani: inaweza kuwa nimonia, malaria kali, maambukizi yaliyosambaa kwenye damu, matapishi yaliyopaliwa au ajali mbaya barabarani. Kinga ya mwili inapambana, na katika vurugu hizo inaujeruhi ukuta wenyewe. Majimaji yanajaa kwenye vifuko, ute unaovizuia visisinyae unaharibika, pafu linakuwa gumu. Damu inapita kwenye vifuko visivyo na hewa na kurudi mwilini mikono mitupu. Ndiyo maana mgonjwa anaongezewa oksijeni na kipimo cha kidoleni bado kinasuasua.

Hakuna dawa ya kukausha maji hayo mara moja. Kinachotibiwa ni chanzo, huku pafu likipewa muda: mashine isukume pumzi ndogondogo, maana pumzi kubwa zinalichana zaidi, na aliyezidiwa alazwe kifudifudi kwa saa nyingi ili sehemu ya mgongoni ifunguke.

Sasa, kumtambua mgonjwa. Vigezo vya Berlin vya 2012 vilidai mashine ya kupumulia, kipimo cha gesi za damu na picha ya kifua. Madaktari katika hospitali ya chuo kikuu Kigali walitumia kipimo cha kidoleni na ultrasaundi badala yake. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2016: kati ya waliolazwa 1,046, watu 42 walikuwa na ARDS, na nusu yao walifia hospitalini. Kwa vigezo vya Berlin, asingehesabika hata mmoja. Kumbe ugonjwa ulikuwepo, ila rula ilikuwa ya kwao.

Kwa mtu wa Songwe, somo ni hili: kipimo cha kidoleni si pambo. Ndugu yako mwenye nimonia akianza kuhema mbiombio, midomo ikawa ya bluu au akachanganyikiwa, usisubiri kukuche. Safari ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni ndefu, na pafu linalovuja halingoji.