Kamati ya Shule na Mahitaji ya Kila Mwanafunzi

Wanachuo wengi huhitimu wakiwa hodari wa kuandaa maazimio ya kazi na zana za kufundishia, lakini hawajapata kufikiri namna watakavyoshirikiana na Kamati ya Shule. Hudhani kuwa kamati ni ya kujenga madarasa na kuchimba vyoo, na kwamba mahitaji ya mtoto mmoja mmoja ni kazi ya mwalimu peke yake. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kamati yaweza kumfaa kila mtoto, ila haiwezi kumsaidia mtoto isiyemjua. Anayeijulisha ni mwalimu wa darasa.

Madaraka ya Kamati

Katika Tanzania Bara, kamati za shule za msingi zimo katika Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Wazazi ni miongoni mwa wajumbe wake, na Mwalimu Mkuu ndiye katibu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002 uliziongezea kamati hizo wajibu wa kupanga maendeleo ya shule na kusimamia fedha zake. Basi kamati ina mambo mawili ambayo mwalimu hana: sauti juu ya matumizi ya fedha, na heshima mbele ya wazazi.

Mfano Mmoja

Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulikaribishwa katika kikao cha kamati ya shule moja ya kijijini. Taarifa iliyosomwa ilisema tu kwamba watoto kumi na wanne wa Darasa la Nne ni watoro au wazito. Wajumbe walikaribia kuazimia kuwatoza wazazi faini. Ndipo mwanachuo wetu aliyefundisha darasa hilo alipoomba ruhusa, akafungua daftari lake na, bila kutaja majina, akaeleza aliyoyaona. Wavulana wawili hukosa shule siku za mnada tu. Wasichana kadhaa hukosa siku chache kila mwezi, na choo chao hakina mlango wala maji. Mtoto mmoja mwenye ualbino, aliyekwisha kuchapwa mara nyingi kwa kutonakili kazi ya ubaoni, husoma vizuri kabisa akikisogeza kitabu karibu na uso.

Kikao kilinyamaza. Hatuna budi kukiri kwamba sisi wenyewe, tulipolikagua darasa hilo wiki iliyotangulia, tulimwona mtoto huyo ameketi nyuma, kando ya dirisha lenye jua kali, daftari lake tupu. Tuliandika tu kwamba baadhi ya wanafunzi hawashiriki.

Faini haikutajwa tena. Kamati ilitenga fedha za mlango na pipa la maji. Mwenyekiti alijitolea kuzungumza na baba za wale wavulana. Mjumbe mmoja alikubali kufuatana na mzazi wa yule mtoto hadi hospitali, akapimwe macho. Kumhamishia mbele, mahali penye kivuli, hakukuhitaji azimio. Kesho yake alikwisha hamishwa.

Mambo ya Kuzingatia

(a) Andika unachokiona, siyo hukumu yako. Neno "mvivu" halimwonyeshi mjumbe la kufanya. "Hasikii akiitwa kutoka nyuma" lamwonyesha.

(b) Anza na yaliyo katika uwezo wako: mahali pa kuketi, ukubwa wa maandishi, mazoezi ya ziada.

(c) Pitisha taarifa kwa Mwalimu Mkuu kabla ya kikao, ukiambatanisha pendekezo moja linalotekelezeka.

(d) Tunza siri. Jina la mtoto lijulikane kwa wale tu watakaomsaidia.

(e) Baada ya kikao, fuatilia. Azimio lisilo na mtu wala tarehe husahaulika.

Kamati si daktari, wala haina fedha za kutosha kila haja. Mwalimu mwenye watoto themanini darasani atasema hana wasaa wa kumwandika kila mmoja. Tunashauri aanze na watano kwa wiki. Kabla muhula haujaisha atakuwa amewafikia wengi. Mficha uchi hazai, na shule inayoficha shida za watoto wake ndani ya jumla ya takwimu haitapata wa kuisaidia.