Kabla ya rimiksi, liandikwe jina la mpiga ngoma

Mwaka 1999 kampuni ya Nonesuch ya Marekani ilitoa albamu iitwayo Reich Remixed. Maprodyuza na madijei wa muziki wa kompyuta, wakiwemo Coldcut wa Uingereza, Ken Ishii wa Japani na DJ Spooky wa Marekani, walichukua kazi za mtunzi Steve Reich, wakazikata, wakaziunga upya na kuzitia biti za klabu. Reich anaandikia kumbi za muziki, lakini mtindo wake ni wa vipande vifupi mno vinavyorudiwa na kubadilika kidogokidogo, hadi sikio linaanza kusikia mambo ambayo mwanzoni halikuyasikia. Muziki wa namna hiyo humwita prodyuza, kwa sababu yeye naye hufanya kazi kwa kipande kinachozungushwa. Aliyenunua albamu ile alijua kila wimbo umetoka katika kazi ipi, na jina la mtunzi lilikuwa juu ya jalada. Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, zina ngoma zilizojengwa kwa kanuni inayokaribiana sana na hiyo, na vijana wenye kompyuta na programu za kutengenezea muziki hawakosekani kusini. Kinachokosekana ni hilo jalada lenye jina. Ndiyo maana nadai kwamba kazi ya kwanza kwa ngoma hizi ni kuzirekodi vizuri na kuwataja wenyewe. Rimiksi ije baadaye.

Undugu ninaousema una ushahidi. Reich alisoma kitabu cha A. M. Jones juu ya muziki wa Afrika, kilichotoka mwaka 1959, na mwaka 1970 akaenda Ghana kujifunza kupiga ngoma kwa Gideon Alorwoyie. Mwaka uliofuata akakamilisha Drumming, kazi ya takriban saa moja inayoanzia kwenye mdundo mmoja mfupi. Huku kwetu Afrika Mashariki, karibu na mwaka 1960, Gerhard Kubik kutoka Austria alikuwa Kampala akijifunza marimba ya amadinda kwa Evaristo Muyinda. Alichokigundua pale kingepaswa kufundishwa katika shule zetu zote: wapigaji wawili, kila mmoja na kipande chake chepesi, mmoja akijaza nafasi anayoiacha mwenzake, na msikilizaji anasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Mwaka 1962 Kubik akarekodi kaskazini mwa Msumbiji marimba ya Wamakua iitwayo mangwilo, ambayo Wamakonde wana yao inayofanana nayo, dimbila. Ni mbao chache zilizolazwa juu ya vigogo vya migomba, na wapigaji wanakaa wakitazamana. Mto Ruvuma wa mpakani haujawahi kuzuia muziki. Wamakua na Wamakonde wapo upande huu pia, pamoja na Wayao na Wamwera ambao ndio wengi Ruangwa. Katika ngoma zao utaikuta kanuni hiyohiyo ya kupokezana: ngoma ndogo inapigwa kwa vijiti vyembamba na haibadiliki, nyingine zinaingia katika mianya yake, na ile kubwa inasema na miguu ya wachezaji. Kabla ya yote, ngozi zinapashwa moto hadi kila ngoma ipate sauti yake. Huo nao ni utunzi, hata kama hauandikwi kwenye karatasi.

Atakayepinga kwanza atasema ngoma haina mtunzi, ni mali ya wote, basi jina la nani liandikwe? Hoja hii inasikika kama heshima kwa jamii, lakini kwa vitendo imekuwa mlango wa kuchukua bila kuuliza. Tazama sindimba ya Wamakonde. Baada ya uhuru kikundi cha taifa cha ngoma kiliipandisha jukwaani, shule zikaifundisha, nchi nzima ikaijua, na sijui kitabu cha shule kinachomtaja hata mpigaji mmoja wa kusini aliyeitoa kwake. Utungo wa pamoja bado una mahali, una kikundi, una mzee aliyeongoza ngoma siku ile. Kanuni za mfano zilizotolewa na UNESCO na WIPO mwaka 1982 ziliona hilo, zikataka jamii au mahali ilipotoka sanaa patajwe kila inapotumika hadharani. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi. Na Reich mwenyewe anatupa funzo la upande wa pili. Kazi yake ya mwaka 1965, It's Gonna Rain, imejengwa kwa sauti ya mhubiri Mweusi wa barabarani huko San Francisco. Dunia inamjua Reich. Mhubiri amebaki jina moja katika maelezo. Linganisha na Hukwe Zawose wa Ugogo, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 alitengeneza albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook wa Kanada. Mitambo ilikuwa mingi, lakini jina la Zawose lilikaa mbele, na hadi leo familia yake inapiga muziki katika majukwaa ya dunia kwa jina hilo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Nyimbo za jando na unyago zina masikio yake. Nyingine hazipaswi kusikiwa na asiyechezwa, na prodyuza hana haki ya kuziweka katika disko kwa sababu tu mdundo umemnogea. Historia ya eneo hili inatosha kututia adabu. Mwaka 1906, wakati majeraha ya Maji Maji bado ni mabichi, Karl Weule wa Leipzig alipita bara ya Lindi na mashine ya kurekodi kwenye mitungi ya nta. Aliwarekodi watu katika eneo lililotoka kushindwa vita na serikali iliyomtuma yeye. Ridhaa ya namna hiyo siiiti ridhaa. Lakini jibu la dhuluma ile si kunyamaza, kwa sababu mitungi ile ilikwenda Ujerumani na wajukuu wa waimbaji wamebaki huku. Jibu ni kuwaachia wazee, makungwi na manyakanga waamue lipi litoke na lipi libaki ndani. Ngoma za mavuno na za furaha ni nyingi mno kiasi kwamba rimiksi haitapungukiwa.

Wengine wanahofia kompyuta yenyewe, kwamba itaua utamu kwa kuunyoosha mdundo. Hatari hiyo ipo pale prodyuza anapoilazimisha ngoma ifuate saa ya mashine. Hata hivyo, ngoma za huku hazijawahi kukaa bila kuchanganywa. Katika kambi ya Nachingwea ya FRELIMO, waliokuwa wakipigania uhuru wa Msumbiji, wapiganaji kutoka majimbo mbalimbali ya Msumbiji walijifunza ngoma za wenzao, na mchanganyiko ule ukawa sehemu ya kulijenga taifa jipya. Singeli ya Dar es Salaam, iliyofika Ulaya kupitia albamu ya Sounds of Sisso ya mwaka 2017, inatokana na vipande vifupi vilivyokimbizwa hadi zaidi ya midundo 200 kwa dakika, na hakuna anayeweza kusema imekosa uhai. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipoufanya upya wimbo wa Saida Karoli, Maria Salome, aliyeuimba kwanza alirudi midomoni mwa watu, kwa sababu alikuwa na jina la kurudia.

Sasa hata kurekodi kwenyewe kunadai ufundi. Kinasa sauti kimoja cha simu kikiwekwa mbele ya ngoma sita, prodyuza anapata kelele moja asiyoweza kuitenganisha. Kila ngoma inahitaji kinasa chake, na kila faili iwe na kijiji, kikundi, majina ya wapigaji, tarehe na masharti waliyoyaweka wenyewe. Magari ya Radio Tanzania yalikwenda mikoani kurekodi vikundi vya ngoma wakati vifaa vilikuwa vizito na ghali. Leo vifaa vya kazi hiyo vinaingia kwenye mkoba, na kila halmashauri ina ofisa utamaduni. Msimu mzuri ni kiangazi, kabla wakulima hawajazama katika korosho, kwa kuwa ndipo ngoma zinapolia zenyewe bila kuitwa na mgeni. Malipo yajadiliwe na kikundi kabla kinasa hakijawashwa, na nakala ya kwanza ibaki kijijini.