Familia ndogo si kinga ya utapiamlo

FAMILIA ya Kenya imepungua ukubwa kwa kasi ambayo wazazi wetu hawangeisadiki. Utafiti wa uzazi wa 1977-78 ulionyesha kuwa mwanamke alitarajiwa kuzaa watoto wanane maishani mwake. Ule wa 2022 ulipata wastani wa 3.4. Sensa ya 2019 nayo ilihesabu watu milioni 47.6 katika kaya milioni 12.1, yaani watu 3.9 kwa kila kaya. (Msomaji wa Pwani asidhani ni ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, kaya ya sensa ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja.)

Vinywa vikipungua, mtu hutarajia kila mtoto apate cha kutosha. Kwa kiasi fulani, ndivyo ilivyokuwa. Watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa, yaani walio wafupi kupita kiasi kwa umri wao, walikuwa asilimia 35 mnamo 2008-09, wakashuka hadi 26 mnamo 2014 na 18 mnamo 2022. Hata hivyo, mwaka huo wa 2022 Kilifi ilikuwa na asilimia 37, Pokot Magharibi 34 na Samburu 31.

Umaskini na ukame vina sehemu yao. Lakini kuna jambo lisilotajwa sana: kaya iliyopunguza vinywa imepunguza pia mikono. Nyanya amebaki kijijini, shangazi ana hamsini zake, na takriban theluthi moja ya kaya huongozwa na wanawake. Mama akienda kibarua alfajiri, mtoto huachiwa jirani au dada yake ambaye naye ni mtoto.

Tumbo la mtoto mchanga ni dogo. Akishatimiza miezi sita maziwa ya mama pekee hayamtoshi. Sharti alishwe kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, uji mzito pamoja na maharagwe, yai au omena. Mlezi wa miaka minane atampa uji mwepesi asubuhi, basi. Kudumaa hushika kasi kati ya miezi sita na miaka miwili, na madhara yake aghalabu hayarekebishiki.

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu, ilhali wataalamu husisitiza miezi sita ya kunyonyesha bila kumpa mtoto kingine chochote. Sheria ya Afya ya 2017 huwataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Ni vyema. Ila ni nani atakayemtengea chumba mama anayefua nguo nyumba hadi nyumba, au anayeponda kokoto machimboni?

Jibu limo katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, linalozikabidhi kaunti jukumu la vituo vya kulelea watoto, sambamba na elimu ya chekechea. Magavana hupenda kuzindua madarasa ya chekechea. Mtoto huingia humo akiwa na miaka minne, miaka miwili baada ya kipindi kile cha hatari kupita.