Gesi yetu na mabomba yake (2): Kwa nini inchi 36?

Wiki iliyopita tulilifuata bomba la Songo Songo, lililoanza kufikisha gesi Ubungo mwaka 2004. Leo tuhamie Madimba, Mtwara, na tuanze na futi ya kupimia.

Bomba la Songo Songo, likishafika nchi kavu, lina kipenyo cha inchi 16. Lile la Madimba hadi Kinyerezi lina inchi 36, karibu sentimita 91. Mtoto wa darasa la kwanza angepita ndani kwa kuinama tu. Utasema limelizidi la kwanza mara mbili na ushee. Lakini ukipiga hesabu ya uwazi wa ndani, ambamo gesi inapita, utapata mara tano. Ndiyo maana linatajwa kuwa na uwezo wa kusafirisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku.

Nani alikuwa akizisubiri futi zote hizo? Kwa kawaida mfanyabiashara hutafuta wanunuzi kwanza, wakasaini mikataba ya miaka mingi, ndipo benki imkopeshe. Serikali yetu ilianza na bomba. Ilikopa Benki ya Exim ya China kwa mradi wa zaidi ya dola bilioni 1.2, na Novemba 2012 Rais Kikwete akazindua ujenzi. Sera ya Taifa ya Gesi Asilia ilitoka Oktoba 2013, mabomba yakiwa tayari yanalazwa mkuzani.

Siwalaumu kwa ukubwa wa bomba. Mgawo wa umeme wa 2011 ulikuwa haujasahaulika, na mitambo ya dharura ilikuwa ikinywa mafuta ya bei mbaya. Isitoshe, bomba likishafukiwa halitanuki: utaongeza mitambo ya kusukuma gesi, au ulaze jingine ubavuni.

Ninacholaumu ni ukimya. Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana wakisema gesi haitoki, na Mei 2013 ghasia zikalipuka. Walichouliza kilikuwa chepesi: kitabaki nini kwetu? Jibu lake lilipaswa kuwa kwenye sera ambayo bado ilikuwa rasimu.

Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015, na kwa miaka kadhaa likapitisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Riba ya mkopo haiulizi bomba limejaa au li tupu.

Mei 2021 Tanzania na Kenya zilitia saini hati ya makubaliano ya bomba jingine, Dar es Salaam hadi Mombasa. Wiki ijayo tutamtafuta mnunuzi wake.